Soda ya Refa

Watu wengine wakisikia harufu ya njugu zinazokaangwa hukumbuka Krismasi, au nyanya zao. Mimi hukumbuka marefa, na hasira hunipanda kabla sijajua imetokea wapi. Juzi tulikuwa nyumbani kwa Baba, Awendo. Dada yangu Akinyi akamwaga njugu kwenye kikaango, na kabla hata hazijabadilika rangi nilikuwa nimerudi kwenye benchi la mbao kando ya uwanja wa mpira wa kikapu, miguu yangu haifiki chini, nikimtazama mtu mwenye firimbi akituonea mchana kweupe.

Ninyi mliozaliwa miaka yangu mnakumbuka jinsi mchezo ulivyokuwa mchezo. Hakukuwa na simu ya kurudia picha ili mjue nani aligusa nani. Firimbi ikilia, imelia. Kilichobaki kilikuwa ni koo lako, na katika nyumba yetu koo lilikuwa la Baba.

Baba alikuwa akifanya kazi kwenye kinu cha sukari nguru, pale injini ya dizeli inapokaba mazungumzo yote, kwa hiyo alizoea kupaza sauti hata akiomba chumvi. Mama alikuwa akimwambia, "Baba Akinyi, mimi niko hapa hapa." Juu ya sauti hiyo alikuwa na pembe ya ng'ombe aliyoachiwa na babake, oporo tunavyoiita kwetu, ndefu na iliyopinda, imekuwa nyeusi mdomoni kwa kupulizwa. Mazishi, harusi, mechi za kijiji, Baba na pembe yake hawakukosa. Lakini alipoipenda kweli pembe ile ni Akinyi alipoingia chuo cha ualimu na kuanza kucheza mpira wa kikapu.

Akinyi alivaa jezi nambari saba. Hakuwa mrefu sana, ila alikuwa mwepesi, na alikuwa na tabia ya kudunda mpira huku akitazama pembeni, kana kwamba anamtafuta mtu aliyempotea, halafu unashtukia amekupita. Baba hakujua sheria hata moja ya mchezo ule. Alijua tu kwamba mpira ukipita ndani ya pete, binti yake amefanya jambo, na pembe lazima ilie. Mimi nilikuwa darasa la tatu na niliamini kwamba vikapu vya Akinyi vilihesabiwa kwa sababu Baba alipuliza. Kwa akili yangu, refa alikuwa mtu wa kusikiliza pembe na kuandika.

Ule ulikuwa mwaka wake wa mwisho chuoni. Walikuwa wamebakisha mechi moja, ugenini, kwa chuo kimoja upande wa Homa Bay. Wakishinda, wangeenda mashindano makubwa ambako Akinyi hakuwahi kufika. Wakishindwa, jezi inarudishwa stoo na yeye anakwenda kufundisha. Alikuja nyumbani wiki moja kabla akasema hayo yote akiosha vyombo, kwa sauti ya kawaida tu, lakini sahani moja aliiosha mara tatu. Baba akasema tutakwenda. Basi la chuo lilikuwa na nafasi kwa mashabiki wachache, na mimi nilipewa ruhusa kwa sharti nisiombe kitu njiani.

Uwanja wa wenyeji ulikuwa wa saruji iliyopasuka katikati, mistari imepakwa upya kwa chokaa, na upepo wa ziwa ulipokuja ulibeba harufu ya omena zinazoanikwa huko chini. Juu ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, nzuri zaidi. Mama mmoja alikuwa ameketi mbele yetu, hatua mbili hivi, na jiko la makaa na kikaango cha njugu. Alikuwa mnene, mtulivu, kitambaa cha njano kichwani. Njugu alizifunga ndani ya karatasi alizozisokota kama pembe ndogo, karatasi zilizotoka kwenye madaftari ya wanachuo. Baba alininunulia moja na yeye akajinunulia mbili. Yangu ilikuwa imeandikwa jinsi ya kuwafundisha watoto kuhesabu.

Halafu refa akaingia. Waamuzi walikuwa wawili, lakini wa pili alikuwa mzee mwenye kitambi aliyekaa upande mmoja kama ng'ombe aliyeshiba, na firimbi yote alimwachia mwenzake. Huyu mwenzake alikuwa kijana mwembamba, soksi nyeupe hadi magotini, kaptula imepigwa pasi hadi inakata. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya pale karibu. Nilimpenda kwa muda usiozidi dakika mbili.

Dakika ya pili akampulizia Akinyi faulo. Akinyi alikuwa amesimama. Msichana wa wenyeji ndiye aliyekuja akamgonga, akaanguka, na refa akaelekeza kidole kwa nambari saba. Tukadhani ni bahati mbaya. Baada ya hapo akaita kwamba Akinyi ametembea na mpira. Kisha akapuliza mpira wetu umetoka nje, na chokaa ya mstari haikuwa imeguswa. Wenyeji wao walisukuma, walivuta jezi, mmoja alimkumbatia mchezaji wetu kama watu waliopotezana tangu utotoni, na firimbi ilibaki ikining'inia kifuani kama mkufu. Mimi nilijiwekea sharti: kila refa akiwapulizia wenyeji, nitakula njugu moja. Kufikia mapumziko nilikuwa nimekula mbili.

Mashabiki wetu walikuwa wakichemka. Kiongozi wao alikuwa mwanachuo mrefu aitwaye Owino, mwenye debe la kupiga kwa fimbo, ambaye hakunyamaza hata akimeza mate.

"Hii refa ni ya kwao! Refa, wewe ni mchezaji wao wa sita, si uvae jezi tu!"

"Pima macho, mwalimu! Hata chaki unaonaje?"

Baba alivumilia kwa muda, kwa kiwango chake cha kuvumilia. Lakini Akinyi alipopata faulo ya tatu, na hata mwalimu wao mwenyewe wa wenyeji akainamisha kichwa kwa aibu, Baba alisimama. Mdomo wake ulikuwa umejaa njugu. Akamaliza kutafuna nusu, akaiacha nusu, akatoa sauti ile ya kinu:

"Refa! Mama yako alikuzaa, ama alikuokota kwenye omena zilizooza?"

Uwanja mzima ulicheka. Hata wenyeji walicheka. Owino aliangusha debe. Baba, alipoona imependeza, akairudia kwa Dholuo ili na wazee waipate. Refa alishika firimbi yake na kutazama chini. Yule mama wa njugu hakucheka. Aligeuka polepole, akamtazama Baba kuanzia kofia hadi viatu, halafu akageukia jiko lake na kukoroga njugu ambazo hazikuhitaji kukorogwa.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Baba alikuwa amejikwaa mbele ya watu wapatao mia mbili na hakuwa na habari.

Kwenye mapumziko Akinyi hakwenda kwa wenzake kunywa maji. Alikuja moja kwa moja kwetu, jezi imelowa, akamwinamia Baba sikioni. Sikusikia alichosema. Niliona tu Baba akimwuliza, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, "Yupi?" Akinyi hakuinua kidole. Alitumia midomo, vile watu wetu wanavyoelekeza jambo ambalo halitakiwi kuelekezwa. Midomo ilikwenda kwa refa. Kisha ikaenda kwa mama wa njugu.

Baba aliketi. Aliiweka pembe magotini, mdomo wa pembe ukitazama ardhi. Akaitazama karatasi ya njugu iliyobaki mkononi kama mtu aliyekuta mdudu ndani ya chakula alichokwisha kula.

Ndipo yule mama alipoinuka. Alikwenda kwa kibanda cha chuo, akarudi na chupa ya soda ya machungwa, imefunguliwa, baridi, jasho likiitiririka. Akapiga goti kidogo mbele ya Baba, akaitoa kwa mikono miwili.

"Jaduong', mzee wetu, jua ni kali," akamwambia. "Kijana yule amesema usikae na koo kavu." Na yeye pia alielekeza kwa midomo, kwa refa.

Baba aliipokea kwa mikono miwili. "Ero kamano, mama," akasema, akishukuru kwa unyenyekevu ambao hata mchungaji wetu hajawahi kuupata. Mama akaondoka. Baba akabaki ameshika chupa, hanywi, haiweki chini. Mwishowe akanigeukia.

"Awuor, kunywa."

"Yote?"

"Kunywa yote, upesi."

Sikuuliza tena. Mtoto wa miaka ile haulizi soda maswali. Lakini akili yangu ilikuwa ikifanya kazi huku mrija ukilia chini ya chupa. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha wiki hiyo hiyo kuhusu hongo: kwamba mtu mwovu hutuma kitu kidogo kwa mtu mwema ili mtu mwema afunge mdomo. Nilikuwa nimeandika sentensi hiyo daftarini na kupata tiki. Sasa refa alikuwa ametuma kitu, na Baba alikuwa amefunga mdomo. Hesabu iliingia bila kubakisha. Niliona vibaya sana, lakini soda nilimaliza.

Kipindi cha pili Baba hakusema neno. Refa aliendelea vile vile, tena nadhani alizidi. Owino alipiga debe hadi fimbo ikavunjika, mashabiki wakageuka kila mara kumtazama Baba, wakisema, "Mzee, pembe! Leta pembe!" Naye alitikisa kichwa, mikono juu ya pembe. Akinyi alifunga vikapu ambavyo havikupata mlio wowote. Alikuwa na faulo nne sasa, na alicheza kama mtu anayebeba mayai, lakini alicheza. Walikuwa wametuzidi pointi kumi. Wakabaki na saba, na nne, na mwishowe moja.

Sekunde za mwisho nazikumbuka kuliko siku yangu ya harusi. Akinyi alichukua mpira katikati ya uwanja, akatazama pembeni na tabia yake ile, akampita wa kwanza. Wa pili alisimama mbele ya pete. Akinyi alimzunguka. Mimi nilikuwa nimeinuka juu ya benchi na nilikuwa naona vizuri, na ninaapa mbele yenu kwamba kulikuwa na nafasi kati yao ambayo kuku angepita. Mpira ulipanda, ukagusa ubao, ukaingia. Firimbi ikalia. Yule msichana wa wenyeji alikuwa amejitupa chini, na refa alikuwa ameweka mkono kisogoni mwake, ishara ya faulo ya mwenye mpira, halafu akapunga mkono hewani: kikapu hakihesabiwi. Faulo ya tano. Nambari saba atoke.

Akinyi alisimama hapo hapo. Hakumbishia. Alimtazama tu refa, na refa akashindwa kumtazama. Nilimvuta Baba shati. "Puliza! Baba, puliza ihesabiwe!" Maana bado nilikuwa naamini hivyo. Baba alikuwa ameikaza pembe kwa mikono miwili hadi vidole vimekuwa vyeupe, macho yamemjaa maji, na hakupuliza. Tukashindwa kwa pointi moja.

Ndani ya basi watu walikuwa wamekasirika vizuri, ile hasira inayounganisha. Mpaka Rongo ilikuwa ni kuhesabu firimbi na kumlaani refa na ukoo wake, isipokuwa Akinyi aliyeketi dirishani na taulo kichwani, na Baba aliyeketi karibu yangu na pembe katikati ya miguu. Kisha Owino, ambaye hakuwa mtu mbaya, akageuka.

"Lakini mzee, yenyewe leo ulituangusha. Kwani pembe ilipasuka?"

"Pumzi iliisha," Baba akasema.

Sijui ni nini kilinisukuma. Labda ni tiki ile ya mwalimu. Nilisimama kitini na kusema kwa sauti niliyorithi:

"Pumzi haikuisha! Refa alimtumia soda!"

Basi lililipuka. "Yawa! Soda?" "Mzee amenunuliwa na soda moja!" "Afadhali angeomba kreti!" Akinyi alivua taulo kichwani, akageuka, mdomo umefunguka kusema jambo. Baba alimtazama na kutikisa kichwa mara moja tu. Akinyi akafunga mdomo. Akarudi dirishani, na mabega yake yakaanza kutetemeka. Baba hakunipiga wala hakunikaripia. Alinivuta nikae nisije nikaanguka basi likikata kona.

Jina lilifika Awendo kabla yetu, sijui lilipanda gari gani. Kwenye kinu walimwita Soda Moja. Sokoni wanawake walimwuliza Mama kama mzee ana kiu. Mwanamume ambaye alikuwa ametangulia kila msafara na pembe sasa alipita njia ya nyuma kwenda kazini. Na mimi, niliyekunywa ile soda yenyewe hadi tone la mwisho, nilimnunia. Niliacha kumpelekea maji ya kunawa jioni. Nilikula nimempa mgongo. Sikumwambia mtu ni nani hasa aliyeinywa, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Hali ilikuwa hivyo hadi shule zilipofungwa mwezi wa kumi na mbili. Siku moja asubuhi Mama aliniamsha mapema nifagie uwanja, kuku wawili wakachinjwa, majirani wakaja na viti. Wageni wanakuja, nikaambiwa. Saa nne wakaingia langoni, wakitembea kwa mstari, wazee mbele. Nyuma ya wazee alikuwa mama mnene mwenye kitambaa cha njano. Na nyuma yake, ndani ya koti kubwa kuliko yeye, akitembea kana kwamba anakwenda kuchomwa sindano, alikuwa refa.

Nilikimbia jikoni. "Mama! Yule refa mwizi yuko hapa!"

Mama alinishika mdomo kwa mkono wenye unga. "Nyamaza, mtoto wewe. Huyo ni mkwe."

Akinyi alikuwa nyuma ya mlango, amevaa vizuri, anacheka na kulia kwa pamoja. Ndipo nilipoelezwa, haraka haraka, kati ya sufuria na sufuria. Ochieng, ndilo jina la refa, alikuwa amemwona Akinyi kwenye mechi za mwaka uliotangulia. Walikuwa wakiandikiana barua. Baba hakujua lolote hadi pale uwanjani, Akinyi alipomwinamia na kumwambia: Baba, yule unayemtukana ndiye anayetaka kuja kubisha hodi kwako, na yule unayekula njugu zake ndiye mamake.

Kwetu mkwe hatukanwi. Hata mkigombana, mnagombana kwa kupitia watu wengine, kwa maneno yaliyooshwa. Na mzazi wa msichana hagusi chakula wala kinywaji cha wakwe kabla wao hawajaja rasmi kwake. Baba alikuwa ametukana tumbo la mkwe wake huku akitafuna njugu zake. Kisha akaletewa soda ambayo kuikataa ni tusi la pili na kuinywa ni mwiko. Ndiyo maana niliinywa mimi. Na ndani ya basi angeweza kujitetea kwa sentensi moja, lakini sentensi hiyo ingekuwa na jina la binti yake ndani yake, na jina la msichana halitembezwi barabarani kabla watu hawajaja kuketi. Akachagua kuitwa Soda Moja.

Baada ya sala, mzee wao wa kuongea alikohoa. "Tumekuja kwa wema," akasema. "Ila kabla hatujaanza, kuna neno lilisemwa mahali fulani. Kuhusu omena."

Baba alisimama, akatoka, akarudi amebeba tetea mweupe, yule aliyekuwa akimpenda, aliyetaga kila siku. Akamweka mikononi mwa mama wa njugu. Wakwe wanaokuja kuoa ndio huleta mifugo, kila mtu anajua. Sijawahi kuona tena baba wa msichana akianza yeye.

"Mama," Baba akasema, "ulimzaa. Mimi ni shahidi. Nisamehe."

Mama wa njugu alimpapasa kuku mgongoni. "Nilimzaa, ni kweli," akasema. "Lakini Baba Akinyi, siku ile, vile alikuwa anapuliza, yenyewe hata mimi nilikuwa karibu kumpigia kelele."

Wazee walicheka hadi kofia zikaanguka. Ochieng aliangalia viatu vyake. Mambo mengine yalikwenda vizuri, wakala, wakakubaliana, na Baba akala nao kwa amani.

Jioni nilimpelekea Baba maji ya kunawa. Yalikuwa mengi kuliko kawaida na nilikuwa nimeyapasha moto. Alinawa. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia hata mimi.

"Ungenyamaza?"

Nilifikiri. "Hapana."

"Basi."

"Na wakikuita Soda Moja tena?"

"Soda ni tamu, Awuor," akasema, akajipangusa mikono kwenye gauni langu kama alivyokuwa akifanya zamani. Nikalia hapo, nikaambiwa niache, wageni hawajafika mbali.

Jambo moja tu lilibaki. Baba hakuwahi kumwuliza Ochieng kuhusu faulo ya tano. Heshima ya mkwe haina mlango wa kuuliza jambo kama hilo. Waliketi pamoja kwenye ubatizo wa watoto, kwenye mazishi ya Mama, kwenye mazishi ya yule mama wa njugu ambako Baba alipuliza pembe hadi midomo ikavimba. Walizungumza mvua, miwa, bei ya mbolea. Mpira wa kikapu ukitokea kwenye televisheni, mmoja wao alikumbuka kazi nje. Ochieng aliacha firimbi zamani, akawa mwalimu mkuu, mtu mwema kupita kiasi. Akinyi alifundisha hadi magoti yakachoka. Nami nilimpenda shemeji yangu kama ndugu, isipokuwa nikisikia harufu ya njugu.

Sasa niwarudishe juzi. Tulikuwa tumeketi uani, njugu ziko kwenye ungo, Baba kwenye kiti chake chenye mto. Amezeeka na masikio yamekwenda, na kama ilivyo kwa watu wa namna hiyo anadhani ananong'ona. Ochieng alikuwa hatua tatu kutoka kwake, anammenyea mjukuu chungwa.

"Awuor," Baba akaninong'oneza, kwa sauti iliyofika kwa jirani. "Muulize mwalimu. Ile ya tano."

Mkono wa Ochieng ulisimama juu ya chungwa. Akinyi aliacha kupepeta njugu. Nilimgeukia shemeji, kama mjumbe anavyotakiwa, ingawa alikuwa amesikia kila neno.

"Shemeji, Baba anauliza ile ya tano."

Ochieng aliweka chungwa chini. Alivua kofia. Nywele zake zote ni nyeupe sasa. Alimtazama Akinyi, naye Akinyi akamtazama vile vile alivyomtazama siku ile, ila safari hii anatabasamu.

"Mwambie Baba," Ochieng akasema, "haikuwa faulo. Hakumgusa mtu. Niliogopa watu watasema nampendelea kwa sababu ni wangu, nikawa napuliza kabla sijaona. Nyingine zote nilipuliza hivyo. Lakini ile ya tano niliona, na bado nikapuliza."

Nilimwinamia Baba na kumpigia kelele sikioni: "Anasema haikuwa faulo!"

Baba alitikisa kichwa juu na chini, polepole, kwa muda mrefu, na nikaona kitu kinamtoka mabegani ambacho alikuwa amekibeba tangu nikiwa darasa la tatu. Kisha akanyoosha mkono kuelekea ukutani, inakoning'inia pembe. Mjukuu aliikimbilia. Baba aliifuta mdomo wake kwa shati, akavuta pumzi aliyokuwa nayo, akapuliza. Haikuwa sauti ya zamani. Ilikatika katikati, ikarudi, ikaisha kwa kikohozi. Lakini kuku walikimbia, na huko njiani mtu alisimamisha baiskeli.

Shemeji yangu aliinuka kwenye kiti. Akanyoosha mkono juu, vidole viwili, akavishusha kwa kukunja kiganja, sawasawa na vile marefa hufanya kikapu kikihesabiwa. Akinyi alipiga kigelegele, ungo ukamwagika.

Baba aliilaza pembe magotini, ameridhika, pumzi bado inamrudia. Akanitazama mimi.

"Na wewe," akasema. "Ile soda yangu ulikunywa. Nenda uniletee."